Nani kakwambia lazima umalize mahakama za ndani kwanza?

Juzi tena. Tuko semina hapa Dodoma, mawakili kama ishirini, tunafundishana kutetea waandishi na uhuru wa kujieleza, chai haijapoa, wakili msomi mmoja ananyoosha mkono: "lakini si lazima umalize mahakama za ndani ndo uende Arusha?" Nikaweka kikombe chini. Hili swali nimelijibu mpaka naliota usiku.

Jibu ni hapana. Arusha kuna mahakama MBILI jamani, na watu wanazichanganya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ndo inataka umalize njia za ndani, na hiyo serikali yetu iliondoa 2019 tamko la kuruhusu watu binafsi kuishtaki huko, kwahiyo Mtanzania wa kawaida hawezi tena kupeleka kesi mpya moja kwa moja. Mahakama ya Afrika Mashariki ni nyingine kabisa. Mkataba wa Jumuiya haukudai umalize chochote nyumbani, unakudai uwahi tu: Ibara ya 30 inakupa miezi miwili toka sheria itungwe au uamuzi utolewe, na kama tarehe haijulikani basi toka ulipojua. Basi. Na usije na ile hoja ya "lakini gazeti bado limefungiwa hadi leo so ni uvunjifu unaoendelea", mahakama hiyo ilishaikataa 2012 kwenye rufaa moja ya Kenya.

Sasa angalia madhara yake. Kuna kijana wa redio alikuja ofisini na bahasha ya kaki, ndani barua ya kusimamishiwa kipindi, muhuri wa Februari, na siku hiyo tuko Septemba. Wakili wake wa kwanza alimwambia "tulia mdogo wangu, tuhangaike na za hapa kwanza, Arusha ni hatua ya mwisho". Nikamwekea kidole kwenye muhuri, akaanza kuhesabu kwa vidole, alipofika mkono wa pili akanyamaza. Ningemwambia nini?

Walioshinda Mahakama ya Afrika Mashariki hawakusubiri. Sheria ya Huduma za Habari ilisainiwa Novemba 2016, Januari 2017 shauri liko masjala, Machi 2019 mahakama ikasema vifungu kadhaa vinakiuka Mkataba. Gazeti la Mseto lilifungiwa Agosti 2016, likaenda Arusha mwaka huohuo na 2018 likashinda. Kwahiyo mimi ushauri wangu ni uleule kila semina, na najua mnanicheka: faili likifunguliwa, kabla hata ya kuongelea ada, andika juu ya jalada kwa kalamu nyekundu tarehe ya barua na tarehe ya mwisho, alafu hiyo ya mwisho irudishe nyuma wiki mbili manake mteja atachelewa kusaini kiapo, hilo halina mjadala.

Mengine mnayokosea, haraka haraka.

"Kesi ya mwandishi ni dhamana tu." Dhamana umepata sawa, na simu yake je? Imebaki kituoni na majina ya vyanzo vyake vyote humo ndani. Na msitegemee kusema "leteni kibali cha mahakama", Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inampa mkuu wa kituo nguvu ya kutoa amri ya upekuzi mwenyewe. Uliza amri iko wapi, kasaini nani, inataka taarifa gani hasa, na andika majibu hapohapo kaunta.

"Kashfa ni jinai." Kwenye Sheria ya Huduma za Habari iliondolewa 2023. Imebaki kesi ya madai. Ila kuchapisha taarifa za uongo mtandaoni bado ni kosa, msije mkampa mteja pongezi mapema.

"Yeyote anaweza kufungua kesi ya kikatiba kwa niaba ya waandishi." Marekebisho ya 2020 yalikutaka uape ueleze wewe binafsi umeathirikaje. Mtafute mwandishi mwenyewe, awe ndo mleta maombi.

Na hii inayonichosha kuliko umri wangu: "hizi kesi ni za mawakili wa Dar." Bunge liko hapa, miswada inasomwa hapa, ukitoka Area D na bodaboda umefika kabla hujamaliza karanga. Saa inaanza kuhesabu mbele ya macho yetu, sisi tunamsubiri mtu apande SGR.