Kwa nini sinema za zamani za Zanzibar zilihitaji mashine mbili kuonyesha picha moja?

Picha ya Kihindi ya saa tatu haikufika ukumbini ikiwa mkanda mmoja. Ilikuja vipande vipande kwenye makopo ya bati, na kila kipande, yaani rili, kilikuwa na mkanda wa kama futi 2,000. Mkanda wa milimita 35 hupita kwenye mashine futi 90 kwa dakika, kwa hiyo rili huisha baada ya dakika 22 hivi. Picha ya saa tatu ni rili nane au tisa.

Mwenye mashine moja angelazimika kuwasha taa za ukumbi kila rili inapokwisha. Kwenye mashine mbili opereta hupishanisha: moja inaonyesha, nyingine imeshavishwa rili inayofuata. Rili inapokaribia kwisha, kidoti hutokea pembeni juu, upande wa kulia wa picha, kwa fremu nne tu (fremu ni picha moja moja iliyo kwenye mkanda), yaani moja ya sita ya sekunde. Hapo opereta huwasha mota ya mashine ya pili. Sekunde saba hivi baadaye kinakuja kidoti cha pili: anafunga mwanga huku, anafungua kule. Akichelewa, watazamaji wanabaki na pazia jeupe. Akiwahi, mwimbaji anakatwa katikati ya neno.

Mwanga nao haukuwa wa kuwasha na kusahau. Ulitokana na cheche ya umeme kati ya vijiti viwili vya kaboni, na vijiti hivyo hulika vinavyowaka. Nafasi kati yao ikipanuka, picha inafifia, halafu inazimika kabisa, hivyo mtu wa chumba cha mashine alikuwa akizungusha kitasa kuvisogeza usiku kucha.

Na kelele za "picha imekatika!" ukumbini zilitoka wapi? Mkanda hausogei mfululizo mbele ya taa. Husimama na kuvutwa mara 24 kwa sekunde. Ili usichanike, opereta huacha kitanzi kilicholegea juu na chini ya dirisha la taa. Kitanzi kikipotea, picha inarukaruka na meno ya mashine yanakula matundu ya pembeni. Mkanda ukikwama kabisa, joto la kaboni huunguza fremu hiyo, nanyi ukumbini mnaona doa la kahawia likitanuka na kutoa mapovu. Dawa ni kukata kipande kilichoharibika, kukwangua rangi kwenye ncha moja, kupaka gundi na kubana. Kiungo hicho kikipita, picha inaruka kwanza, na mlio wa "tap" unafuata karibu sekunde moja baadaye, kwa sababu sauti husomwa chini ya dirisha la taa, fremu 20 mbele.

Enzi za Royal, jumba la sinema la miaka ya 1920 lililokuwapo Vuga, mjini Zanzibar, hadi lilipoungua na mahali pake ikajengwa sinema ya Majestic mwaka 1955, hatari ilikuwa kubwa zaidi. Mikanda ya milimita 35 ilikuwa ya nitrati, aina ya plastiki inayowaka upesi, ambayo ikishika moto hutoa oksijeni yake yenyewe. Hata maji hayaizimi. Ndiyo maana matundu ya vyumba vya mashine yaliwekewa vifuniko vya chuma vya kujifunga.

Kubwa kuliko yote ni kwamba kopi moja iliweza kuhudumia kumbi mbili usiku uleule. Rili ikimalizika ukumbi wa kwanza inarudishwa mwanzo, inatiwa kwenye kopo, na kijana wa baiskeli anakimbia nayo. Ukumbi wa pili ulianza nusu saa au zaidi baada ya wa kwanza, la sivyo ungeishiwa rili kabla kijana hajafika. Pancha ikitokea, meneja anarefusha intavali na muuza njugu anashukuru. Mbaya zaidi ni makopo kuchanganyika: rili ya sita ikitangulia ya tano, aliyekwisha kuzikwa anarudi kuimba na mchumba wake bustanini.