Wamarekani si wavivu wa kupiga kura

Dhana: Wamarekani hawajali uchaguzi, hata Kenya inawashinda.

Kila baada ya miaka minne kauli hii hurudi, na kila mara anayeisema hajauliza asilimia hiyo ni ya nani. Kenya mwaka 2022 ilipata takriban asilimia 65 ya *walioandikishwa*. Marekani mwaka 2020 ilipata takriban 66 ya raia wote *wenye sifa* ya kupiga kura, wakiwemo mamilioni ambao hawamo kwenye daftari lolote. Tumia hesabu ya Kenya kule Marekani: katika utafiti wa Ofisi ya Sensa ya 2020, zaidi ya asilimia 90 ya waliojiandikisha walisema walipiga kura. Hata ukipunguza kidogo, maana watu hujisifu wakihojiwa, picha haibadiliki.

Kwa hiyo wengi hukwama kwenye kujiandikisha, kabla ya siku ya kura kufika. Ukihama kutoka jimbo moja kwenda jingine unaanza upya; ukihama mtaa tu, sharti ubadilishe anwani. Sheria ya shirikisho inaruhusu jimbo kufunga daftari hadi siku 30 kabla ya uchaguzi, wakati ambapo wengi hata kampeni hawajaanza kuifuatilia. Minnesota huandikisha hadi siku yenyewe ya kura, na karibu kila mara imo kileleni. North Dakota haina daftari la kujiandikisha kabisa. Vijana wanaolaumiwa kila siku (takriban nusu ya wenye miaka 18 hadi 24 walipiga kura mwaka 2020, dhidi ya robo tatu ya wazee wa 65 hadi 74) ndio wanaohamahama zaidi. Hiyo si sababu pekee, lakini ni ile ambayo sheria inaweza kuiondoa.

Ndugu uliyeapishwa uraia, jiandikishe wiki hiyohiyo, kisha hakiki jina na anwani siku 40 kabla ya kura. Na wewe mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu, si uraia): karani wa leseni za udereva akikuuliza kama unataka kuandikishwa, jibu hapana. Kujitaja raia kwenye fomu hiyo kunaweza kukufukuzisha nchini, na "sikuelewa swali" ni utetezi dhaifu mno.

Dhana: Kura za posta huongeza wapiga kura kupita kiasi. Kuwatumia wapiga kura wote karatasi nyumbani huongeza mwitikio, yaani sehemu ya wanaopiga kura, kwa takriban pointi 2 za asilimia. Anayepokea bahasha bila hamu ya uchaguzi huiacha mezani.

Dhana: Sharti la kitambulisho huporomosha mwitikio. Utafiti wa kitaifa wa chaguzi za 2008 hadi 2018 haukuona anguko la maana. Hilo halifuti usumbufu wa bibi asiye na leseni. Ni kwamba jumla haiuonyeshi.

Dhana: Jumanne ndiyo tatizo. Siku hiyo ya uchaguzi iliwekwa kwa sheria ya 1845, na kwa mwenye zamu mbili ni kero kweli. Lakini majimbo mengi sasa hupiga kura siku kadhaa mapema, na hata Jumanne hiyo ikifanywa mapumziko ya kitaifa, hayatamfikia mhudumu wa hoteli wala muuguzi.