Nani aliwaambia wataalamu ndio wanaoamua?

Jumamosi nilikuwa kwenye kilio Katuba, hapa Lubumbashi, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, sahani ya bukari na sombe mapajani, sitaki kitu ila kula kwa amani. Mzee mmoja wa ukoo wa marehemu akanigeukia: "Mama Prof, njo nyie mulikubali batuletee mbu wa laboratware?" Jirani zetu wakaacha kutafuna. Nikasema hapana. Akatabasamu kama mtu anayemhurumia mwongo.

Jumatatu nikafungua kazi ya mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho. Ukurasa wa 14: "Mwaka 2018 wanasayansi wa Umoja wa Mataifa waliamua kuruhusu mbu wenye jeni sukumizi barani Afrika." Mzee wa Katuba nimemsamehe. Huyu nimemfundisha mwenyewe, miaka miwili.

Basi niandike mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia ukurasa huu.

Jeni sukumizi, haraka haraka: jeni ya kawaida mzazi humrithisha nusu ya watoto wake. Hii inajinakili yenyewe kwenye kromosomu ya pili, kwa hiyo karibu watoto wote wanaipata, na wajukuu, na vitukuu. Wazo hili mwanabiolojia Austin Burt aliliandika mwaka 2003. CRISPR, zana ya kukata na kuhariri jeni, ilipokuja likawa jambo la kufanyika. Mwaka 2018 wenzetu wa Imperial College London walionyesha kwamba ukitumia jeni sukumizi kuigonga jeni inayoitwa doublesex, Anopheles gambiae, mbu wanaoeneza malaria, ndani ya kizimba wanaisha baada ya vizazi 7 hadi 11. Ndani ya kizimba, nimesema. Kizimba hakina mvua, hakina buibui, wala hakina mto Lubumbashi.

Sasa turudi ukurasa wa 14.

"Wanasayansi wa Umoja wa Mataifa." Hakuna watu hao. Mkataba wa Bayoanuwai, ule wa Umoja wa Mataifa wa kulinda viumbe hai, unapotaka ushauri, Mkutano wa Pande, yaani nchi wanachama, huunda kundi la wataalamu la muda, serikali zinapeleka majina, sekretarieti ya Montreal inachagua kwa kuangalia fani, kanda na jinsia. Mnapewa hadidu za rejea, yaani maswali ya kujibu na mipaka yake, na hadidu hizo hamkuziandika ninyi. Hapo ndipo mchezo wote ulipo, na hapo ndipo watu hawaangalii kabisa. Ukiulizwa "ni hatari gani zinaweza kutokea?", utaorodhesha hatari. Ukiulizwa "ni faida gani?", utaorodhesha faida. Hakuna aliyekuuliza kama jambo lenyewe ni jema. Nimekaa kwenye chumba chenye watu wengi wenye akili kunishinda, tukijibu kwa siku tatu swali ambalo wote tulijua si lenyewe.

"Waliamua." Hapa ndipo nilipovunja kalamu. Ripoti ya kundi inapanda kwa chombo cha ushauri wa kisayansi cha mkataba, ambacho nacho, licha ya jina lake, kimejaa wajumbe wa serikali. Hapo inageuzwa rasimu. Rasimu inajaa mabano ya mraba: kila neno ambalo hata nchi moja haijalikubali linafungiwa humo. Halafu inakwenda Mkutano wa Pande, na huko hawapigi kura, wanakubaliana wote au hakuna kitu. Mtaalamu akibahatika anakaa nyuma, karibu na mlango, bila kipaza sauti. Nimeona neno "haijulikani" likiingia chumbani jioni na kutoka saa saba za usiku likiwa "bado inachunguzwa". Mtu wa sayansi anajua kwamba hayo si maneno mamoja. Haijulikani ni shimo. Bado inachunguzwa ni shimo lenye fundi ndani. Wakati mwingine fundi hayupo.

(Marekani, ambako sehemu kubwa ya teknolojia hii inatengenezwa, si Mhusika wa mkataba. Wanakuja kama watazamaji.)

"Kuruhusu." Huyu mtoto angesoma uamuzi 14/19 wa mkutano wa 2018 wa Sharm el-Sheikh, Misri, kurasa chache tu, asingeandika hivi. Uamuzi unatoa wito kwa serikali zichukue tahadhari, na zifikirie kuachilia viumbe hao, hata kwa majaribio, pale tu tathmini ya hatari imefanyika kwa kila kisa peke yake, na hatua za kudhibiti hatari zipo. "Kutoa wito" si kuruhusu, wala si kukataza. Kuna walioondoka Misri wakisema wamepata marufuku, na kuna walioondoka wakisema wameishinda marufuku. Wote walikuwa wamesoma aya ile ile.

Halafu kuna sharti la tatu, lile ambalo wala wanafunzi wala waandishi wa habari hawalisomi mpaka mwisho. Linahusu ridhaa ya watu wa asili na jamii za mahali. Linaanza na "pale inapofaa", na linaishia kwa kusema kwamba ridhaa hiyo iwe *imeombwa au imepatikana*. Au!

Nimetumia nusu ya maisha yangu ya ushauri kuwaeleza watu hiyo "au". Kijana anapeleka posa kwa wazee wa binti. Amebeba kila kitu, bia, mbuzi, kitenge cha mama mkwe. Ameomba. Je, amepata mke? Wazee wanaweza kumwambia ajipe muda, wanaweza kumwambia binti bado anasoma, wanaweza kumla mbuzi na kunyamaza. Kwa maandishi ya uamuzi ule, kijana huyu na yule aliyepewa binti wanaweza kusimama mstari mmoja. Serikali itakayofanya mkutano kijijini, ikagawa soda na kupiga picha, inaweza kusema: tuliomba. Na sheria ya nchi ndiyo itakayosema kama inatosha, kwa sababu sentensi inamalizikia kwenye mazingira na sheria za kitaifa.

Mtaniambia hizo ni hila za wanadiplomasia. Sina hakika. Bila "au" hiyo huenda tungetoka mikono mitupu, na hata tahadhari isingeandikwa. Nimelifikiria hilo mara nyingi ndani ya ndege na sijapata jibu linaloniridhisha.

Nani basi anaamua? Serikali, nyumbani kwake. Angalieni Burkina Faso. Julai 2019, kijijini Bana, mradi wa utafiti wa Target Malaria, unaotaka kupunguza mbu wa malaria, uliachilia mbu dume tasa waliobadilishwa jeni, kwa kibali cha mamlaka ya taifa. Hao hawakuwa na jeni sukumizi, tafadhali, jambo hili limenichosha. Agosti 2025 serikali ya nchi hiyo hiyo ikausimamisha mradi. Hakuna mtaalamu wa Montreal aliyepigiwa simu. Shida ni kwamba mbu mwenye jeni sukumizi hasimami mpakani Kasumbalesa kugongewa muhuri. Nchi moja inaamua, jirani anapokea. Itifaki ya Cartagena, iliyo chini ya mkataba huo na inayohusu usalama wa viumbe waliobadilishwa jeni, inadai jirani aarifiwe kiumbe kikivuka mpaka bila kukusudiwa. Lakini huyu tunajua mapema kwamba atavuka, kwa hiyo neno "bila kukusudiwa" linanichekesha kidogo.

Niseme pia lile ambalo vitabu vinalificha. Wanaoijua teknolojia mpya vizuri ni wale wanaoitengeneza. Ukiwatoa chumbani, wanabaki watu wanaobahatisha. Ukiwaacha, unamkaribisha muuza kuku akueleze afya ya kuku wake. Tangu 2018 mkataba una utaratibu wa kutangaza maslahi, kwa fomu. Mimi nilijaza yangu, nikaandika kwamba mradi fulani uliwahi kunilipia tiketi. Nikaruhusiwa kuingia. Tiketi ile ilinilainisha ulimi? Nasema hapana. Nani amewahi kusema ndiyo?

Na tahadhari nayo ina bei. Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni ya pili duniani kwa wagonjwa na vifo vya malaria, nyuma ya Nigeria. Wiki tunayobishana juu ya koma moja, watoto wanazikwa. Mwenzangu mmoja huniambia hivyo kila tukikutana, na kila mara namjibu kwamba mbu aliyeachiliwa harudishwi. Hatujawahi kumaliza mazungumzo hayo.

Mwanafunzi amekuja leo na ukurasa wa 14 mpya. Sentensi yake sasa ina mistari sita: Pande, wito, tahadhari, kila kisa peke yake. Afrika imeondoka, maana aya ile haikuitaja.

"Mama Prof, imekuwa ndefu. Jopo hawataipenda."

"Iache."

"Na ridhaa, niandike imeombwa ama imepatikana?"

"Andika vyote viwili kama vilivyo. Hiyo 'au' katikati, ipigie mstari."

Akaipigia mistari miwili.