Gawanya kwa 48: vitu vya nyumbani ndani ya Caravan yangu

Kila nikivuka mkondo kwenda uwanja wa ndege wa Manda kumpokea mgeni, huwahi mapema nipate kuitazama Caravan, ndege ndogo ya abiria na mizigo, ikipakuliwa. Cessna 208 hiyo ina mabawa ya karibu mita 15.9. Juu ya meza yangu hapa Langoni, mjini Lamu, kwenye modeli ninayoiunda kwa kipimo cha 1:48, mabawa yale yale ni sentimita 33. Kuunda mwili wake si kazi kubwa. Kazi, na utamu wenyewe, imo ndani: mikanda, nyaya, wavu wa mizigo. Vyote hivyo navipata nyumbani, ila sichukui kitu kabla ya kupiga hesabu.

Tuanze na mkanda wa kiti. Wa kweli una upana wa sentimita 5 hivi. Ugawe kwa 48, ni milimita 1. Wengi hukimbilia kopo la soda. Bati lake lina unene wa karibu milimita 0.1, na ukilirudisha kwenye ukubwa wa ndege halisi linakaribia nusu sentimita. Huo ni ubao, si mkanda! Jaribosi (foili) ya jikoni ina kama milimita 0.016. Ikunje mara mbili, isugue kwa mgongo wa kijiko, ikate kwa wembe mpya, uipake rangi, kisha ilaze kitini ikiwa imelegea, kama abiria ameshuka sasa hivi. Kitambaa usikiguse. Niliwahi kujaribu utepe wa kanga, nyuzi zake zikaonekana nene kama kamba za jahazi.

Wavu wa mizigo ni chandarua. Tundu la milimita 2 huwa karibu sentimita 10, na hilo latosha kabisa. Mama alinikatia kipande cha kuukuu: "Twaa hiki, mwanangu, kile kizima kiache kitandani." Nakiloweka kwenye gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, nakifunika juu ya masanduku, na kikikauka kinashika umbo la mzigo.

Mrija wa kupimia mwendo, ule unaochomoza kwenye bawa, ni sindano mpya ya duka la dawa, yenye kitako cha rangi ya chungwa: kipenyo chake ni milimita 0.5. Usiikate kwa koleo, tundu litaziba. Ikwaruze kwa tupa kuizunguka, ifunike kwa kitambaa, ndipo uivunje. Nyaya za breki ni shaba ya chaja iliyokufa. Kioo cha taa, plastiki angavu ya pakiti ya vidonge.

Mwisho ni moshi. Bomba la Caravan liko chini ya pua, upande wa kulia, kwa hiyo weusi hutambaa tumboni upande huo tu. Nasikitika nikiona modeli nzuri imepakwa pande zote mbili. Mimi hutumia masizi ya sufuria yaliyosagwa, kwa brashi kavu, kutoka mbele kwenda nyuma. Yazidishe kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu ukipuliza vanishi juu yake hufifia.