Mgeni njoo mwenyeji apone: pesa ya utalii huishia wapi, na shule inaingia wapi hapo

Nianze na Kitengela, ju watu wengi wa Nairobi hupita huko kila siku wakienda kwa nyumba na hawajui hii stori. Mbuga yetu ya Nairobi, ile iliyofunguliwa 1946, ni kilomita mraba 117 tu, na ina fensi pande tatu, upande wa kusini ndio uliachwa wazi ili nyumbu na punda milia wavuke mto waende malisho ya Kajiado mvua ikinyesha. Sasa hayo malisho si ya serikali, ni mashamba ya familia za Kimaasai, na mwenye shamba akitaka kuweka fensi ama kukata ploti auze ni haki yake. Mwaka wa 2000 kukaanza mpango wa kulipa hizo familia shilingi kama 300 kwa ekari kwa mwaka, wasiweke fensi, wasiuze, wanyama wapite. Mia tatu kwa ekari si pesa nyingi. Lakini kuna kitu kimoja kilifanya watu waukubali huo mpango, nacho ni tarehe ya malipo. Pesa ililipwa mara tatu kwa mwaka na ilipangwa ije wakati shule zinafunguliwa, kwa hivo mzazi anaipokea na inaenda moja kwa moja kwa karo, hauzi ng'ombe kwa haraka kwa bei ya kutupa ati ju mtoto amerudishwa nyumbani.

Mimi nafundisha uchumi wa utalii hapa Nairobi, miaka mingi sasa, na kila darasa jipya naanza na hiyo stori ya Kitengela, manake inaonyesha kitu ambacho vitabu huchukua kurasa nyingi kusema: mwenyeji haponi ju mgeni amekuja, anapona ikiwa kuna njia pesa ya mgeni inafika kwake, na njia ambayo nimeona ikidumu zaidi ya zote ni ile inapitia kwa masomo. Alafu kuna upande wa pili wa stori ambao lazima pia niseme. Ile pesa ya Kitengela haikuwa inatoka kwa geti ya mbuga, ilikuwa ya wafadhili. Walipopunguza mkono malipo yakayumba, na leo ukisimama kwa daraja ukiangalia huo upande unaona ni mabati, fensi na magorofa. Mbuga inapata wageni, lakini jirani aliyekuwa anafungulia wanyama mlango hakuwekwa kwa hesabu ya kudumu.

Wacha tuangalie pesa yenyewe. Mwaka wa 2024 Kenya ilipata wageni kama milioni 2.4 kutoka nje na mapato ya karibu shilingi bilioni 452, hizo ni namba za serikali, na mtu akizisikia kwa redio anajiuliza mbona kwetu sizioni. Si ati zimeibiwa zote. Mgeni akinunua safari ya Mara akiwa kwao Ulaya, kwanza analipa ndege, na mara nyingi ni ya kampuni ya huko huko, alafu ajenti wa huko anakata yake, alafu ofisi ya Nairobi inapanga gari na kulipa mafuta, alafu lodji inanunua mvinyo na jibini na hata taulo kutoka mbali. Chenye kinafika Talek ama Sekenani, zile taon ndogo za kando ya Mara, kinapitia milango michache sana: mshahara, kodi ya ardhi, ada za geti kupitia kaunti, vitu vinavyonunuliwa pale pale, na bakshishi. Sisi hii kitu tunaiita uvujaji, kama mtungi wenye ufa, na huo ufa huzibwi kwa kulaumu mgeni.

Mshahara ndio mlango mkubwa, na ndio mlango wenye kufuli ya cheti. Nimetembelea lodji nyingi na ukiangalia nani anafanya nini unasoma historia ya shule za hiyo eneo bila kuuliza mtu: meneja ametoka Nairobi ama nje, mpishi mkuu ametoka Nairobi ama Mombasa, mhasibu ametoka Kisii, na kijana wa pale pale ndio askari wa usiku, ndio anabeba mabegi, ndio anaruka adumu, ile densi ya Kimaasai, saa ya chakula cha jioni. Hakuna mtu aliamua hivo kwa ubaya. Nafasi ilitangazwa, ikaitisha diploma, na shule ya sekondari iliyo karibu ilikuja kujengwa watu wazima wa leo wakiwa tayari wamepitwa.

Lakini hiyo inaweza kubadilika na imeshaanza kubadilika, nimeiona na macho yangu. Mwaka wa 2005 kule Mara kulianzishwa shule ya kufundisha vijana wa Kimaasai kuongoza watalii, ya Koiyaki, vijana wenye walikuwa wanajua kila mti na kila nyayo tangu wakichunga mbuzi lakini hawakuwa na karatasi ya kuonyesha wanajua. Wakafundishwa kumwelezea mgeni, huduma ya kwanza, majina ya ndege ya kisayansi, alafu wakaenda kufanya mtihani wa chama cha waongozaji watalii wa Kenya, ule wa ngazi tatu, bronzi, silva na goldi. Mtu akifika silva mshahara wake si ule wa askari tena, na bakshishi yake pia si ile. Na hiyo pesa haiendi Nairobi, inarudi kwa boma, inalipia ndugu wadogo shule. Wasichana pia walianza kuingia na hiyo kwangu ni kubwa kuliko mishahara, manake msichana wa darasa la sita akiona dada wa kwao akiendesha gari la watalii na yunifomu, mazungumzo ya kuozwa mapema yanakuwa magumu kwa wazee wa hiyo boma.

Kuna elimu ingine haifundishwi shule na inawanyima watu pesa nyingi. Mama analima sukuma na nyanya kilomita tatu kutoka lodji, na lori la mboga linatoka Nairobi masaa matano linampita hapo kwa barabara. Kwa nini? Ju lodji inataka invoisi, inataka namba ya ushuru ya KRA, inataka risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, inataka kilo kumi na tano kila Jumanne bila kukosa, na inalipa baada ya mwezi ama miwili. Mama ako na mboga, na hana hizo zingine. Nilikuwa na wanafunzi walioenda atachi, yaani mazoezi ya kazi, sehemu fulani, nikawaambia wasifanye ripoti ya kupamba kabati, waketi na akina mama kumi wawasaidie kujiandikisha kama kikundi, wagawane zamu za kupeleka, wafungue akaunti. Hiyo kazi ilichukua miezi mitatu, na yote ilikuwa kujua kusoma oda na kuandika hesabu. Sikumbuki ripoti ingine ya atachi iliyonifurahisha hivo.

Sasa tuseme na machungu yake, manake utalii pia huharibu shule. Ukipita geti za mbuga siku ya masomo, saa nne asubuhi, unakuta watoto wa miaka nane wanashikilia bangili kwa dirisha za magari. Mgeni ananunua kwa huruma, anaona amesaidia, na mtoto anarudi nyumbani na pesa kuliko ya baba yake siku hiyo, kesho utamwambia nini kuhusu shule? Pwani ni hivo hivo na vijana wa ufuo. Ombi langu kwa kampuni za magari ni moja, dereva afunge dirisha kwa watoto na afungue kwa kikundi cha akina mama chenye kiko na duka.

Na zile nyumba za watoto zinaitwa za yatima, wageni wanakuja kujitolea wiki mbili, wanafundisha wimbo, wanapiga picha wanaenda. Watoto wengi wa kwa hizo nyumba wako na mzazi ama jamaa aliye hai, walipelekwa ju ya umaskini na ju ya ahadi ya shule. Serikali ilisimamisha usajili wa nyumba mpya mwaka wa 2017 kwa sababu hizo. Kama mgeni wako anataka kusaidia masomo, alipe karo ya mtoto akiwa kwao, na mwalimu aliyesomea ualimu ndio afundishe.

Kodi ya ardhi pia niiguse. Zile hifadhi za jamii zinazozunguka Mara, familia zinakodisha ardhi yao kwa kampuni za kambi na wanalipwa kila mwezi wageni wawe wengi ama wachache, na huo ni mpango mzuri, nautetea kila mahali. Lakini hulipa kwa hati ya shamba, na hati nyingi ziko kwa jina la mwanaume. Mama, mjane, kijana asiye na shamba, hao hawaoni kitu. Kwa hivo hifadhi zenye zimetenga mfuko wa basari kando na kodi ndio hufikia nyumba zisizo na ekari, na hapo ndio ningependa kaunti iweke nguvu yake.

Mtu anaweza kusema hizi ni stori za Mara, sisi wa Nairobi zinatuhusu nini. Angalia Juja basi. Mwaka wa 1981 ilipoanza ile taasisi ambayo ilikuja kuwa chuo kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) 1994, Juja ilikuwa mashamba na barabara. Wanafunzi ndio walijenga hiyo taon, ju mwanafunzi ni mgeni pia, anatoka kwao na pesa ya kwao anakuja kukodi bedsita, kununua chapo madondo, kuprinti noti. Elimu ilifanya kwa Juja chenye mbuga ilifanya kwa Talek. Na ikaanguka vile vile: Machi 2020, ju ya korona, shule zikafungwa na ndege za kutoka nje zikasimama mwezi huo huo, wageni wa Kenya wakashuka kutoka kama milioni mbili mwaka wa 2019 hadi chini ya laki sita, na mwenye bedsita wa Juja na mwenye duka la shanga wa Talek wakawa wanalia kilio kimoja. Wale niliona wakisimama haraka ni wale walikuwa na kazi ya pili mkononi, aliyesomea umeme, aliyejua kushona, anayefuga kuku kando.

Kwa mzazi wa mtoto aliyemaliza fomu foo, nakuomba jambo. Kuna tozo ya asilimia 2 hoteli na mikahawa hulipa kwa mfuko wa utalii, na moja ya kazi zake tangu zamani ni kusaidia mafunzo, ndio maana tuna Chuo cha Utalii pale Thika Road tangu 1975. Kila ukilipa chakula kwa hoteli umechangia. Kwa hivo usimpeleke mtoto kozi ya utalii ya miezi mitatu juu ya ghorofa fulani taon bila kuuliza kama imesajiliwa, kama kuna jikoni ya kweli ya kufanyia mazoezi, na wanaenda atachi wapi. Wazazi wamelipa karo yote, mtoto anatoka na cheti ambacho hoteli ya kwanza anayobisha inamrudishia.

Na kwa wenye wako karibu na mbuga, iwe Ongata Rongai, Kitengela ama huko mbali Narok, kaunti yenu ina mpango wa maendeleo wa 2023 hadi 2027 na ikileta kikao cha maoni ya wananchi enda ukae mbele. Uliza kama kaunti inapokea pesa ya geti, mwaka uliopita ilikuwa ngapi, ngapi ilienda basari, na basari inatoka mwezi gani. Ikiwa inatoka mwezi wa tano na mtoto anatakiwa shule mwezi wa kwanza, waambie isogezwe, na uwaambie Kitengela ilishawahi kufanyika.