Kichocheo cha uchumi ni nini? Hesabu za mwaka wa korona

Anayepikia kuni anajua kuchochea: unasukuma ukuni ndani, unapuliza, moto unainuka. Lakini lazima pawe na kaa lililo hai. Ukipuliza majivu baridi utaambulia machozi tu. Neno hilo la jikoni ndilo lililogeuka kuwa la wizara za fedha: kichocheo cha uchumi. (Uchochezi nao umetoka shina hilohilo, ila huo hupelekwa kortini.)

Maana yake si ngumu. Hali ikiwa mbaya, kila mtu hubana matumizi. Nikibana peke yangu ni busara. Tukibana sote kwa mpigo, duka la jirani linakosa wateja, linamwachisha kazi kijana wa kaunta, na kijana naye anabana. Hapo serikali hufanya kinyume cha watu wengine wote: inatumia zaidi, inatoza kodi pungufu, au benki kuu inashusha riba ili mikopo iwe nafuu.

Janga liliivuruga picha hiyo. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona Machi 13, 2020, na kufikia Machi 27 kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilikuwa imeanza. Mwenye kibanda cha chipsi ambaye wateja wake huja saa mbili usiku hakuhitaji kuchochewa. Alihitaji cha kumvusha hadi afungue tena. Hiyo ni nafuu, si kichocheo: kodi inaahirishwa, benki inasogeza mbele tarehe ya kulipa mkopo, pesa kidogo ya chakula inaingia kwenye simu. Kichocheo huja milango ikishafunguliwa. Wanasiasa huyaita yote mawili kwa jina moja, na ndiyo maana ubishi wa "kilifanya kazi au hakikufanya" hauishi.

Hatua za Kenya zilikuja haraka, hilo tuliseme. Rais Uhuru Kenyatta alizitangaza Machi 25 na bunge likazipitisha mwezi uliofuata. VAT, kodi inayoongezwa kwenye bei ya bidhaa, ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14, kodi ya kampuni kutoka 30 hadi 25, na kiwango cha juu cha PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, vilevile kutoka 30 hadi 25. Anayelipwa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi akaondolewa PAYE kabisa.

Sasa chukua kalamu. Karani wa 24,000 alikuwa akikatwa takriban 1,550 kwa mwezi. Zikarudi mfukoni mwake zote. Meneja wa 200,000 alikuwa akikatwa kama 52,600. Akawa anakatwa 41,500 hivi. Yeye amebakiwa na zaidi ya 11,000. Mama mboga, yule muuza mboga wa mtaani, hana payslip, kwa hiyo PAYE haimhusu kwa lolote. Hata ile VAT haikumgusa sana, maana unga wa mahindi na mboga mbichi havikuwa vikitozwa VAT tangu mwanzo. Punguzo la kodi humfikia mtu kwa kadiri ya kodi aliyokuwa akilipa, na katika nchi ambayo wengi hujitafutia riziki nje ya ajira rasmi, mlango huo ni mwembamba. Nadhani kilichomfikia mama mboga haraka kuliko vyote ni kitu kidogo sana: kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa mwaka, kutuma pesa kwa simu hadi shilingi 1,000 kulikuwa bure.

Benki Kuu nayo ilishusha riba yake kutoka asilimia 8.25 hadi 7.25 mwezi Machi, kisha 7 mwezi Aprili, na kuziachia benki shilingi bilioni 35.2 zilizokuwa lazima ziwekwe akiba kwake. Njia hii ina kona yake. Pesa ikishafika benki, hakuna anayeweza kuilazimisha itoke kwenda kwa fundi wa soko la Gikomba, Nairobi. Meneja wa mikopo naye anaogopa.

Mpango ulioitwa waziwazi kichocheo ulikuja Mei 23, wa shilingi bilioni 53.7. Ndani yake mradi uliojulikana zaidi mitaani ulikuwa Kazi Mtaani: vijana wa mitaa ya mabanda kuzibua mitaro, kufyeka na kuzoa taka kwa zamu. Awamu ya pili ilichukua vijana zaidi ya 270,000, kwa shilingi 455 kwa siku. Ni hela ndogo, lakini angalia inavyotembea: inaingia kwa simu, jioni hiyohiyo imenunua unga, sukuma na mafuta ya taa, na keshoye mwenye duka ameagiza mzigo. Elfu 11 za meneja huenda zikalala kwenye akaunti kwa sababu naye ana hofu ya kesho. Shilingi ya mwenye njaa hailali.

Baada ya nafuu na kichocheo, neno la tatu ni ufufuaji, yaani kuurudisha uchumi ulipokuwa, nalo linahesabiwa kwa miaka. Tanzania inatupa mfano mzuri. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567, na Oktoba Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 za Tanzania. Sehemu kubwa iliyoonekana kwa macho ni vyumba vya madarasa 15,000. Wazazi wakaviita madarasa ya UVIKO, jina la korona nchini humo. Darasa halitibu korona, lakini mafundi, wauza saruji na wenye malori walipata kazi vijijini, na jengo likabaki.

Tahadhari na takwimu za ufufuaji. Uchumi wa Kenya ulinywea kwa asilimia 0.3 mwaka 2020, kisha ukakua kwa zaidi ya asilimia 7 mwaka 2021. Ukitazama sekta ya hoteli na migahawa peke yake, ilikua kwa asilimia 52 na ushei. Ni ajabu, mpaka ukumbuke kwamba mwaka uliotangulia ilianguka kwa karibu asilimia 48. Hoteli iliyokuwa ikiuza kwa 100 ilishuka hadi 52. Ongeza nusu ya 52 na kidogo, unapata karibu 80. Imekua kwa kishindo na bado haijafika ilipokuwa.

Januari 1, 2021 nafuu nyingi zilikwisha. VAT ikarudi 16, kodi ya kampuni 30. Yule meneja akaanza tena kukatwa zaidi ya 52,000, karibu sawa na zamani. Karani wa 24,000 yeye aliachwa bila PAYE.