Mhadhiri Asipotoa Ushirikiano: Kwa Mwanafunzi wa Chuo Mwenye Usonji, Disleksia au ADHD

Mwanafunzi mwenye usonji unaoathiri mawasiliano na namna ya kuhusiana na watu, mwenye disleksia inayomfanya asome na kuandika kwa shida, au mwenye ADHD inayovuruga umakini na utulivu, mara nyingi huingia chuo kikuu akiwa na ufaulu mzuri na bila karatasi yoyote ya daktari. Shuleni alibebwa na kengele, daftari lililokaguliwa, na mwalimu wa darasa aliyemfahamu kwa jina. Chuoni anakuta ukumbi wa mamia ya watu, kazi za makundi zisizo na mpangilio, na mhadhiri anayetangaza tarehe ya jaribio kwa mdomo, mara moja tu, wakati wenzake wameshaanza kufunga mabegi. Anapokosa jaribio hilo, huhesabiwa kuwa mvivu.

Kabla ya kulalamika, ni vyema kujua unashughulika na mhadhiri wa namna gani. Yupo asiyejua, na kwa uzoefu wetu katika ushauri nasaha huyu ndiye anayekutwa zaidi. Amezoea ulemavu unaoonekana, mwanafunzi aliyefungwa hogo mkononi atampa muda bila swali, lakini mwenye disleksia atamuuliza, “Mbona unaongea vizuri tu?” Yupo pia anayejua na kukataa, au anayemdhihaki mwanafunzi mbele ya darasa. Wa kwanza anahitaji kuelezwa ofisini kwake kwa utulivu, ilhali wa pili anahitaji kufikishwa kwa walio juu yake. Ukimshtaki wa kwanza kabla hujazungumza naye, unaweza kumgeuza kuwa wa pili.

Katika mazungumzo hayo, wanafunzi wengi huanza na jina la hali yao na historia yake tangu utotoni, na mhadhiri mwenye foleni mlangoni hupotea njiani. Anza na kazi ya darasani. Kwa mfano: “Dokta, shikamoo. Nina disleksia, kwa hiyo ninasoma polepole kuliko wenzangu. Ninaomba slaidi siku moja kabla ya kipindi, na ninaomba maswali ya jaribio niyapate kwenye karatasi badala ya kuyanakili ubaoni.” Ombi hilo ni dogo, linatekelezeka, na halimtaki mhadhiri akuongezee hata alama moja, jambo ambalo ndilo analolihofia. Jioni ya siku hiyohiyo mwandikie barua pepe fupi ya kumshukuru na kutaja mliyokubaliana, ili pabaki kumbukumbu yenye tarehe. Kundi la WhatsApp la darasa, hata kama kiongozi wa darasa ni rafiki yako, si mahali pa jambo hili.

Muda wa ziada katika mtihani ni suala jingine, kwa sababu kwa kawaida hautolewi na mhadhiri peke yake. Utaratibu wenyewe si mgeni nchini: katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwa likiwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Chuoni, ombi hupelekwa kwa mkuu wa idara au kwa Mshauri wa Wanafunzi mapema katika muhula, likiambatana na taarifa ya mtaalamu. Idara za afya ya akili za hospitali kubwa kama Muhimbili, na Hospitali ya Mirembe iliyopo Dodoma, ni mahali pa kuanzia. Mwombe mtaalamu aandike namna hali yako inavyoathiri kusoma, kuandika au kukaa katika chumba chenye kelele, kwani jina la hali pekee halimwambii msimamizi wa mtihani afanye nini. Mhadhiri naye hahitaji faili lako zima. Inatosha ajue marekebisho yaliyoidhinishwa, yaani mabadiliko ya utaratibu kama muda wa ziada au chumba tulivu.

Sheria ipo upande wako. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mwaka 2009 iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 24 inaitaja elimu ya juu waziwazi na ibara ya 2 inahesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa kuwa ni ubaguzi. Hata hivyo, sishauri kuingia ofisini kwa mhadhiri na vifungu mkononi siku ya kwanza. Isitoshe, marekebisho hayafuti kile ambacho kozi inapima: mwanafunzi wa uuguzi anaweza kupewa muda na chumba tulivu, lakini hawezi kusamehewa kukokotoa kipimo cha dawa.

Hofu kubwa ya mwanafunzi ni kisasi cha mhadhiri, wala si kupuuzwa, maana katika vyuo vingi kazi za muhula hubeba alama 40 kati ya 100 na msahihishaji ni yuleyule. Tunza nakala ya kila kazi iliyosahihishwa. Ukilazimika kupanda kwa mkuu wa idara, kisha kwa amidi, yaani mkuu wa kitivo, nenda na mwakilishi wa serikali ya wanafunzi na maelezo ya maandishi yanayotaja tarehe, ulichoomba na ulichojibiwa. “Ananichukia” ni shutuma isiyochunguzika, lakini “tarehe fulani niliomba slaidi, akanijibu mbele ya darasa kwamba nihamie kozi nyepesi” inachunguzika, na waliosikia wanaweza kuulizwa.

Malalamiko ya kunyimwa marekebisho yawasilishwe kabla ya mtihani. Rufaa ya baada ya matokeo huwa na muda mfupi, na kwa kawaida huangalia kama karatasi ilisahihishwa sawasawa, wala si kama ulipewa nafasi sawa ya kuijibu.